Kufuli la Banda la Msiba

Siku tulipomzika baba mvua ilinyesha tangu asubuhi, na majirani waliokuja kutufariji walikaa migombani, wamejifunika majani. Mama hakuisahau aibu ile. Msiba ulipokwisha aliwaita wanachama wa kikundi chetu cha kuzikana, akawakatia kipande cha shamba kando ya barabara ya Murusagamba, pale penye migomba yake bora.

"Jengeni banda," alisema. "Mwenye msiba asinyeshewe tena."

Tulijenga wenyewe. Wanaume walibeba miti, wanawake wakasomba maji na udongo, tukaezeka bati. Tulifanyia humo mikutano na sherehe za ubatizo, na jirani aliyekosa pa kuweka maharage yake aliyamwaga humo. Mama alilifagia kila jioni.

Kisha mbuzi wakazoea kulala ndani, na viti viwili vikavunjika. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, mwalimu wa shule ya msingi, mpenda utaratibu. Nikapendekeza kufuli, ili banda lidumu. Nikaandika na sheria kwa mkono wangu: atakayelivunja kufuli hilo, kikundi hakitamzikia mtu wake. Kwetu hakuna adhabu inayozidi hiyo. Njaa utaivumilia, lakini kaburi huchimbi peke yako. Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga.

"Na mvua ikija kabla ya ufunguo?" aliuliza. Nilimcheka, Mungu anisamehe.

Mwaka huu mama alifariki. Mvua ikaja kweli. Mtunza ufunguo alikuwa Biharamulo kwa mwanawe, ufunguo mfukoni, simu haipatikani. Majirani wakakaa migombani, wamejifunika majani kama siku ile ya baba. Nikachukua nyundo, nikaenda mlangoni. Mwenyekiti akanifuata, akanishika mkono taratibu.

"Pole, mwalimu. Lakini sheria uliiandika wewe. Ukilivunja, mama nimwambie nani ambebe?"

Nilimchukia mzee yule. Nilijichukia zaidi. Nikairudisha nyundo nyumbani.

Tulimpitisha mama mbele ya banda lake, jeneza limefunikwa turubai, wabebaji wakiteleza kwenye tope. Sikuinua macho.

Juzi walikuja wageni kutoka Keza, nao wanataka kujenga la kwao. Walichungulia dirishani wakavisifu viti, bado vipya kabisa. Wakaniuliza tumewezaje kulitunza banda miaka yote hii.

Nikawaonyesha kufuli.