Fisi wa Kwenye Theluji

Mhudumu wa zamu ya asubuhi katika nyumba ya wazee kule Burnsville, ughaibuni, hunawa mikono mara mbili kabla ya kushika kitabu cha hadithi za Kirusi cha nyanya wa chumba cha mwisho. Kirusi hajui hata herufi moja, kwa hiyo humsomea picha, kwa Kiswahili. Mzee wa pichani aliyelala juu ya jiko kubwa la matofali amekosana na mkewe. Dubu ni mjomba aliyekuja bila taarifa. Mbwa mwitu ni fisi, maana hadithi isiyo na fisi yeye haiamini. Kila akifunua ukurasa hulamba kidole, hugundua kimevaa glavu, hubadilisha glavu, huendelea.

Jumapili binti wa nyanya alikuja kutoka mji wa Maplewood, akasoma Kirusi chenyewe, mhudumu akiwa mlangoni. Nyanya alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesomewa matangazo ya kanisa. Walipofika kwa mbwa mwitu, nyanya akamwekea kidole.

"Fisi," akasema.

Binti akageuka. "Mama hajatamka neno tangu Krismasi," akamwambia mhudumu. "Amesema nini?"

Mhudumu akavuta kiti, akavaa glavu mpya.

"Rudi ukurasa wa kwanza," akasema, "nikufundishe inavyosomwa."