Kipara na Mwenye Nywele

Kazini walimwita Birika, na yeye mwenyewe aliitika. Katika jengo la kuhifadhi mimea iliyokaushwa, ndiye aliyeachiwa mimea yenye majani manono, ile inayoota juu kabisa milimani, penye mawe na baridi, na kujaza maji ndani ya majani yake. Mimea hiyo ni mikaidi. Ukiibana kati ya karatasi kama mingine, haifi. Inakaa humo siku nenda siku rudi, kisha inaanza kuchipua bila haya. Ndiyo maana aliitia kwanza kwenye maji yanayochemka, na ndiyo maana birika la mezani kwake halikupoa. Wageni walidhani ni mtu wa chai kupindukia.

Kazi yake nyingine ilikuwa kutenganisha ndugu. Kulikuwa na aina mbili zilizofanana mno, zote na ua dogo la njano lenye umbo la nyota. Majina yao ya kitaalamu yalikuwa marefu na ya kuchosha ulimi, kwa hiyo yeye aliwaita Kipara na Mwenye Nywele. Mwenye Nywele ana vijinywele ukingoni mwa jani, usivyoviona ila kwa kioo cha kukuzia, na mgongoni mwa petali zake kuna mstari mwekundu. Kipara hana nywele wala mstari. Basi, hayo tu. Miaka yote Birika aliwatenganisha huku akipiga soga, naye hakukumbuka kukosea.

Siku moja likaletwa fungu jipya kutoka bonde moja la juu sana. Mstari mwekundu ulikuwepo, tena umekolea. Akainua jani atazame nywele, asione kitu. Akafuta kioo kwa shati, akasogea dirishani, akachukua jani jingine, kisha mmea mwingine. Ukingo ulikuwa laini kama kucha. Mstari upo, kwa hiyo nywele lazima ziwepo; kasoro basi ilikuwa ya jani, au ya macho yake? Akaliweka jani chini taratibu.

Hofu hiyo aliijua inakotoka. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Alipofika umri huu huu wa Birika alianza kushindwa kutunga uzi, akasingizia sindano. Baadaye akasingizia taa. Mwisho akawa anashona vifungo kwa kupapasa huku akiapa kwamba anaona vizuri, mpaka siku alipomvalisha mteja koti lililoshonwa mkono mmoja ndani nje. Miaka iliyobaki aliimaliza kwenye kiti, akiuliza ni nani aliyeingia.

Birika alitoa kabatini mimea ya zamani ya Mwenye Nywele akajipima. Nywele alizikuta. Lakini alijua ziko, amezitazama nusu ya maisha yake. Angejuaje kama anaziona au anazikumbuka tu? Basi akafanya yale yale ya baba yake. Akanyamaza. Fungu akalisukuma nyuma ya rafu, na Daktari akiuliza limefikia wapi, anamjibu kwamba halijakauka sawasawa. Daktari huyu hakuwa wa watu bali wa mimea, mwanamke mcheshi aliyemwamini Birika kwa kila kitu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Nyumbani mkewe hakudanganyika. Mumewe alikuwa mtu wa maneno mengi, na sasa anakula kimya, mara anaziba jicho moja na kukodolea kalenda ukutani, mara anaziba la pili.

"Unanificha kitu," alimwambia jioni moja mezani.

"Sina cha kuficha."

"Mzee wangu, chakula nimekitia chumvi mara mbili na hujalalamika. Sema."

Akasema. Mkewe hakulia wala hakumpa pole. "Kesho umwambie Daktari. Usipomwambia wewe, nitakuja mwenyewe na nguo zangu za jikoni nimwambie mbele ya watu wote." Birika alimjua, hakuwa akitania.

Asubuhi alipiga moyo konde. Akaweka fungu mezani kwa Daktari, akamweleza yote bila kumtazama: nywele, baba yake, uongo wa kukauka. "Macho yananiaga, Daktari. Tafuta mtu mwingine mapema, kabla sijakuharibia kazi."

Daktari akachukua kioo, akaangalia jani, akaligeuza, akachukua la pili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee Birika," akasema, "hata mimi sioni."

Akaliweka jani chini ya hadubini kubwa. Hapakuwa na unywele hata mmoja. Bondeni kule wale ndugu wawili walikuwa wameota jirani, nyuki wakafanya mambo yao, na hili fungu lilikuwa la watoto wao. "Mstari wa mama, kichwa cha baba," Daktari alisema akicheka. "Nimewasubiri hawa tangu nianze kazi, na wewe umewaficha nyuma ya rafu."

Alistahili kugombezwa, na kidogo aligombezwa. Hakusikia. Aliketi bila kukaribishwa, akashusha pumzi. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kufurahi hivyo kwa kuambiwa hakuna kitu.

Jioni alirudi nyumbani akipiga mluzi. Alipofungua mlango, alisita. Korido ilikuwa tupu. Vigoda, beseni, ndoo na viatu, vikorokoro vyote alivyokuwa akiviruka kila siku, vilikuwa vimeondolewa. Ukutani, usawa wa mkono wake, kamba ilikuwa imefungwa kutoka mlangoni hadi chumbani.

Mkewe akatoka jikoni, akamtazama usoni, asithubutu kuuliza. Birika akamsimulia pale pale mlangoni. Mkewe akacheka, kisha akajifuta macho, kisha akacheka tena.

"Na hii kamba?"

"Nimeifunga leo mchana. Nilitaka uizoee mapema, kabla hujaihitaji."

Birika akamshika mkono.

"Haya," akasema, "rudisha basi vitu vyako."

"Rudisha mwenyewe," mkewe alimjibu, akienda zake jikoni. "Macho si unayo?"