Pipa Lenye Kitambaa Chekundu

Ko. Ko-ko. Ko. Mpaka leo ninaisikia vizuri ile sauti: matone ya kwanza yakigonga chini ya pipa letu tupu, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mama alikuwa anashona. Akasimamisha cherehani asikilize, tukaangaliana, tukacheka kama watu waliotembelewa na mgeni wa mbali.

Pipa lilikuwa wazo langu. Kule kwetu milimani, juu ya Bukavu, bibi yangu alikuwa anapasua shina la mgomba na kuliweka chini ya bati ili mvula iteremke mpaka kwenye sufuria zake. Hapa ukimgusia mtu mgomba wake mutapigana. Kwa hiyo nikatafuta mabaki ya mabati kwenye soko la Area 25, mjini, nikayakunja kwa nyundo, nikayafunga kwa waya chini ya paa letu. Pipa lenyewe lilitoka barabara kubwa juu ya kabaza, mimi nikikimbia nyuma ya baiskeli nimelishika lisianguke. Watu walinicheka. Mi nilikuwa nimeshafika mbali kichwani: shamba la nyanya mlima mzima, na tangi kubwa kama kanisa.

Wazo la kitambaa nalo lilitoka Area 18, huko huko mjini. Tulikuwa tumepeleka nguo za mteja wa Mama, nikaona pale tangi jeusi lenye mfuniko. Mlinzi wa nyumba ile akaniambia maji yakikaa wazi yanazaa mbu. Mi malaria naijua, ilishanilaza. Nikakata kitenge chekundu cha Mama kilichopauka, nikafunika pipa, nikazungusha kamba, nikapiga mafundo matatu.

Halafu mvula ikakata.

Ilikuwa imenyesha ile moja tu. Mahindi ya watu yakaanza kujikunja, na miche yangu ya nyanya nyuma ya nyumba ikabaki kijani, kwa sababu kila asubuhi niliichotea kikombe kikombe kutoka kwenye pipa. Hapo njo macho ya watu yalianza kutuandama.

Watu wakasema kuna mtu amefunga mvula, na kwanza walimshuku jirani yetu, fundi wa matofali. Matofali yake mabichi yalikuwa yameanikwa, na kila mtu anajua fundi wa matofali anapenda jua. Walimkamata kwa maneno kwenye mjigo, lile bomba la mkono tunapopanga foleni. Yeye akacheka.

"Mi nafunga mvula na nini, na udongo? Muende muangalie ile pipa ya bale bantu. Imefungwa na nyekundu, fundo tatu. Nani anafungaka maji na nyekundu?"

Kesho yake nilipoweka bidoni yangu ya maji kwenye foleni, mama mmoja akaisukuma kwa mguu. Ni yeye aliyenisuka nywele tangu nikiwa mdogo.

"We uko na maji yako. Kunywa ile ulifunga."

"Mama, nilifunga pipa. Sikufunga mvula. Ni juu ya mbu."

"Mbu banaogopa nyekundu sasa?"

Foleni nzima ikacheka. Nyuma yake mwingine akasema, bila hata kuniangalia, "Afungue leo. Kama hafungui, yeye na mama yake basikanyage hapa tena."

Nilirudi na bidoni tupu. Mama aliposikia, hakuinua macho kwenye nguo.

"Fungua, mwanangu. Heri tunywe maji ya mbu, lakini tunywe na bantu."

"Mama, nikifungua njo nimekubali."

Akarudia kushona. Na wale wa foleni hawakuningoja nimalize kufikiri. Mchana walikuja wenyewe, wengi, fundi wa matofali mbele, mama yangu wa nywele pembeni yake. Mama yangu akanyoosha mkono kwenye kamba. Nikamtoa pole pole. Mafundo yalikuwa yangu.

Nilifungua la kwanza, la pili, la tatu. Wakachungulia. Mulikuwa na maji, robo ya pipa, na nyuso zao.

"Njo haya tu?" mtu akauliza, kama tumemdanganya.

"Mwaga," fundi akasema. "Bila kumwaga haijafunguka."

Wakaliinamisha. Maji yakapita katikati ya miguu yao, yakazama kwenye vumbi. Mtu akakanyaga miche yangu akipisha. Kitambaa wakakitupa matopeni, wakaondoka wakiongea mambo mengine.

Jua lilikuwa halijashuka sana wakati mawingu yalipotoka upande wa Dowa. Nilimwomba Mungu isinyeshe. Mimi, mwenye pipa, niliomba isinyeshe, kwa leo tu.

Ikanyesha. Kote nikasikia kelele za furaha, na katikati yake, "Munaona? Bamefungua." Fundi alikuwa anakimbia na plastiki kufunika matofali yake, yanayeyuka, na bado anatugeuzia kichwa, "Wachawi nyinyi." Mama yangu wa nywele akapita mbele ya mlango, beseni kichwani. "Zikomo, aksanti kwa kufungua," akamwambia Mama.

Mama akaingia ndani, akalala na viatu.

Nilitoka peke yangu. Nikasimamisha pipa, nikalirudisha chini ya bati, nikangoja mpaka likajaa. Kitambaa nikakitoa matopeni, nikakisuuza kwenye mvula ile ile. Wengi walikuwa wamesimama milangoni, wananiona. Nikakitandika juu ya pipa, nikazungusha kamba, nikafunga.