Watoto Waliokaa Chumbani kwa Bibi

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi kijiji kimoja karibu na Kharumwa, mkono wa kulia wa bibi mzaa baba ulipoanza kutetemeka. Baadaye uso wake ukakakamaa, akawa hatabasamu hata akifurahi, na hatua zake zikafupika kama za mtu anayepita penye utelezi. Hayo watu waliyaita uzee. Kilichotuponza ni watoto.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia chumbani kwake, akaniambia kwa upole, "Pita upande huu, ng'wanawane, mwanangu. Hapo amekaa mtoto."

Niliangalia. Palikuwa na gunia la mpunga, basi.

"Mtoto wa nani, bibi?"

"Simjui. Wako watatu. Hawasemi kitu."

Hakuwa na hofu yoyote. Mwenye hofu nilikuwa mimi, na siku hiyo hiyo nikamsimulia rafiki yangu kisimani. Sikuona kwamba akina mama waliokuwa wakichota maji wamenyamaza. Msimu ule wa mvua jirani yetu alikuwa amezika watoto wawili, na macho ya bibi yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Kwetu hayo yalitosha mtu kuitwa mchawi. Wiki haikwisha, ikasemwa kwamba anafuga misukule nyuma ya magunia.

Walikuja mchana, wanaume sita wenye mapanga, wakasimama uani wakimuulizia. Baba akawaambia amesafiri. Walipoondoka, alipigilia mbao dirishani kwa bibi na kuweka komeo nje ya mlango.

"Asionekane, asisikike," alituambia.

Alifungiwa humo wiki tatu. Mimi ndiye niliyempelekea ugali. Kila siku aliniomba lile lile kwa sauti yake iliyokuwa imefifia: "Niache nitoke nikae juani kidogo. Humu wamezidi. Wamejaa mpaka kitandani."

Komeo lilinifikia kifuani. Ningeweza kuliacha wazi. Nilipitisha sahani, nikalirudisha, nikakimbia.

Mwishowe baba alimpeleka Kahama kwa shangazi, amefunikwa turubai kwenye lori la mpunga. Alifia huko. Sikumwona tena.

Mwaka huu baba naye ameanza kutetemeka. Nilimpeleka hospitali, daktari akasema ni ugonjwa wa Parkinson, kisha akamuuliza taratibu, "Mzee, huwa unaona vitu ambavyo wengine hawavioni?"

Baba alinitazama kwanza. "Mbuzi," alisema. "Wanalala mlangoni."

Daktari hakushangaa. Alitueleza kwamba ugonjwa huu huuvuruga ubongo unapotafsiri kile ambacho macho yanaona, na dawa zake nazo zinaweza kuchangia. Gizani hali huzidi. Akatushauri tuache madirisha wazi na taa ziwake.

Tulipotoka, baba aliketi kwenye benchi. Hakuwahi kumtaja mama yake mbele yangu tangu lori lile liondoke.

"Nilimfungia wasimuue," alisema.

"Mimi ndiye niliyesema kisimani, baba."

"Nilijua siku ile ile."

Hakunilaumu, nami sikumlaumu. Bila komeo lile huenda wangemkata. Lakini nimehesabu tulichofanya. Baba aliogopa watu, mimi niliogopa watoto wasiokuwepo, na katikati yetu alikuwepo mgonjwa ambaye hakuogopa chochote mpaka tulipomfungia.