Kopo la Mfuniko wa Buluu

Kila nikimwaga siki juu ya soda kusafisha sinki hapa Jeddah, povu likifanya shiii na harufu kali ikinipanda puani, narudi moja kwa moja jikoni kwetu Al-Murabba, Riyadh, nikiwa na miaka kumi na minne, nimemkasirikia mama yangu.

Mama alikuwa na ugonjwa wa makopo. Kitu kikinunuliwa, pakiti ilitupwa siku hiyo hiyo na kilichomo kikamiminwa kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Makopo yote yalikuwa na mfuniko wa buluu, bila hata herufi moja. Chumvi, sukari, sabuni, vyote rafu moja! Ukimuuliza hiki ni nini, anachovya kidole, analamba, anakwambia. Jamani, mama yule!

Sasa, kiungulia kilimsumbua. Kila baada ya chakula alikoroga kijiko cha soda ya kuokea kwenye glasi ya maji, akanywa, akacheua, akasema halas, kimeisha. Siku moja akalalamika kwamba soda inamchoma koo. Nikaganda. Rafu ile ile ilikuwa na magadi ya kufulia, meupe vile vile, na hayo hayanywewi.

"Mama, una hakika hii ni soda?"

"Nimeionja. Mafi shida."

Mafi shida, yaani hakuna shida, kwa Kiarabu chake cha sokoni! Nilitamani kupiga mayowe. Siki peke yake isingenisaidia, maana soda na magadi vyote viwili hutoa povu ndani yake. Lakini mwalimu wa kemia alikuwa ametufundisha kwamba kila kampaundi ina uzito wake wa moli moja, na haubadiliki: soda ya kuokea themanini na nne, magadi mia moja na sita. Pima unga, pima gesi iliyotoroka, piga hesabu, utajua una nini mkononi. Baba alikuwa mlinzi wa duka la dhahabu kule Al-Dirah, na bosi wake akaniruhusu kutumia mizani ya pete, huku akinicheka.

Gramu tano ndani ya siki. Povu likapanda, likatulia. Nikapiga hesabu: tisini na tano. Nikarudia: tisini na sita. Mara ya tatu, tisini na tano tena. Mara ya nne, hivyo hivyo. Hakuna kitu cha tisini na tano! Baba akachungulia daftari langu, akauliza kwa upole, "Sasa ni nini?" Nikalia kwa hasira mbele ya vikuku vya watu.

Nyumbani nikamtupia mama lile daftari. Akafikiri kidogo.

"Ngoja. Pakiti mpya ya soda niliijazia kwenye kopo lililokuwa limefika nusu."

"Nusu ya nini, mama?"

"Ya nyeupe."

Ya nyeupe! Kumbe alikuwa amechanganya soda na magadi, na mchanganyiko hauna uzito mmoja wa kutafutwa. Nikamwaga kopo zima, nikanunua soda nyingine, nikayaandika makopo yote kwa kalamu nene. "Sawa, mwalimu," mama akasema, akatii. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Mwaka uliofuata Baba alipata kazi ya kulinda nyumba Al-Rawdah, tukahamia Jeddah. Huku mama akaanguka jikoni, akitapika damu. Daktari akasema ni vidonda vya tumbo, vya miaka. Akatuuliza kwa nini hakuletwa mapema. Ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, ilikuwa imeisha muda, kafili, yaani mdhamini wake, akimpiga chenga kuihuisha, na yeye akiogopa hata kukaribia lango la hospitali.

Alipona, alhamdulillahi, na mpaka leo anajaza makopo yangu bila kuniuliza. Simkasirikii tena. Najikasirikia mimi. Aliniambia koo linamchoma, nikakimbilia kopo. Unga niliupima mara nne, kwenye mizani ya dhahabu, lakini sikumuuliza hata mara moja tumbo linamuuma tangu lini. Na kwenye lile kopo la soda mpya, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: SODA YA MAMA. KIJIKO KIMOJA KILA BAADA YA CHAKULA.