Kikuba Kilichoyashinda Maua ya Hatta

Mamangu yuko Mombasa, na kila nikimwomba aje Dubai kunitembelea hunijibu neno lile lile: "Nije nitazame mchanga?" Tangu nianze kazi hotelini Garhoud nimembembeleza mpaka mdomo umechoka. Mwaka huu mvua zilinyesha, nikasikia milima ya Hatta, mbali nje ya jiji, imechanua. Nikasema haya, nitampelekea picha za maua, ndege na wadudu, tuone atatoa kisingizio gani tena.

Asubuhi ya siku yangu ya mapumziko nilimkuta Bi Zuwena mlangoni pake, amejipamba. Huyu ni jirani yangu hapa mtaani Discovery Gardens, mjane wa Kizanzibari aliyekuja Dubai tangu msichana, na gari la kutupeleka Hatta ni lake. Buibui limefukizwa udi, kifuani kabandika kikuba cha asumini na mrehani alioupanda mwenyewe kwenye vyungu.

"Bi Zuwena, tunakwenda porini!"

"Kwa hivyo ninuke jasho? Hebu simama hapo, mwanangu." Akanibandika na mimi kikuba changu.

Njiani mchanga uligeuka mwekundu, kisha ukaisha, milima ya mawe ikaanza. Bi Zuwena anaendesha polepole kama anayesindikiza bibi harusi. Mimi roho juu, maana jua likipanda sana picha haziwi nzuri.

Hatta tulipokewa na Salum, binamu yake Bi Zuwena, mwenye shamba la mitende. Alivuta harufu ya udi na asumini, akacheka. "Khalas, nimeelewa. Nani anaolewa?"

Tukanywa kahawa, tukala tende, ndipo akatupeleka nyuma ya shamba, kwenye bonde la mawe ambalo hupitisha maji ya mvua. Subhanallah! Maua ya manjano na ya zambarau, madogo kama vifungo vya shati, yametoka katikati ya kokoto. Ndege hudihudi alikuwa akichokoa ardhi kwa mdomo wake mrefu, nikampata vizuri na kishungi chake kimesimama. Sasa nikataka kipepeo juu ya ua. Nikalala kifudifudi na kamera, nikangoja. Hata nzi hakutua.

"Yarabi toba!" nikamsikia Bi Zuwena. Nikageuka. Nyuki wote wa bonde lile, na vipepeo wawili, walikuwa kwenye kikuba cha Bi Zuwena. Nyuki mmoja akaja kwenye changu, nikatoka mbio. Bi Zuwena kasimama kidete, mikono juu, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Piga picha basi! Unakimbia nini?"

Nikampiga picha, lakini kwa hasira. Salum alituambia tuvivue vikuba, tuvitundike kwenye mgunga mbali na pale. Tulipomaliza, upepo ulikuwa umeanza, maua yanacheza, na kila picha ya kipepeo ikatoka ukungu mtupu. Wallahi nilitaka kulia.

Jioni, nyumbani, nilimtumia mamangu picha zote hivyo hivyo, nikampigia simu.

"Maua mazuri," akasema, kama anayesifu chai ya jirani. "Ndege, mashaallah. Na huyu mama anayecheka ni nani?"

"Jirani yangu, Bi Zuwena. Mzanzibari."

"Anakaa mbali nawe?"

"Mlango kwa mlango."

"Na mchana, wewe ukiwa kazini, yeye huwa nyumbani?"

"Yupo, mama. Hata juzi alikuwa akitafuta mtu wa kusuka naye ukili wa mikeka."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi? Mimi nilijua utanifungia ghorofani nizungumze na kuta."

Nilimsifia majengo, nikamsifia maduka, nikaenda mpaka milimani kumtafutia maua, kumbe mamangu anaogopa upweke. Sikuwahi kumuuliza.

"Kata tiketi," akasema. "Lakini mwambie huyo shoga yangu, kwenye nyuki mimi siendi."