Malka Imefungwa Geti

Siku moja naikumbuka kana kwamba bado naiona, mwanangu. Nilikuwa msichana, na binamu yangu Komora alikuwa ameziba malka kwa miba ili apande migomba. Malka ni njia ya ng'ombe kwenda kunywa mtoni. Inapita katikati ya mashamba yetu sisi Wapokomo, na haina mwenyewe. Waorma wafugaji walifika na mifugo yenye kiu, wakasimama mbele ya miba. Shangazi Dhadho akaweka jembe chini.

"Wapite wapi, Komora?"

"Si wapite kwingine, shangazi. Mto ni mrefu."

"Na wa huko kwingine naye akisema kwingine? Au wapite chumbani kwako, mkeo awakamulie ng'ombe wao?"

Watu walicheka hadi Komora akaing'oa miba mwenyewe.

Sasa mimi ni mzee, na mji wetu wa Garsen unakua. Sichukii mji kukua. Nachukia unavyokua! Shamba linakatwa viwanja kwa kamba, na kila muuzaji anaacha kichochoro chake, kinachoishia kwenye ukuta wa jirani. Unamsikia mtu akikohoa upande wa pili, lakini ukitaka kumpa pole, utoke hadi lami, uzunguke mji, uingilie kwingine. Hiyo ni mitaa kweli? Hiyo ni mifuko. Na viwanja vinazidi kusogea mbali, mfuko juu ya mfuko.

Kiangazi hiki, malka ileile ikafungwa geti la chuma. Jirani yetu Guyo alifika na ng'ombe wake, mbavu nje. Nikamwendea mwenye geti, kijana msomi, mpole wa sauti.

"Nyanya, mimi nilinunua kiwanja. Sikununua njia ya ng'ombe."

"Na hicho kiwanja ulikifikiaje? Uliruka?"

Akatabasamu, akarudi kwenye simu yake. "Waambie wazunguke tu."

Wakazunguka. Njia iliyobaki ni lami, kwenye malori. Mtamba wa Guyo aligongwa na lori kabla hajaonja tone la maji. Guyo hakupiga kelele. Alichuchumaa, akamfunika macho kwa shuka yake, akamsemesha kwa Kiorma mpaka akatulia. Mimi ndiye niliyepiga kelele, na bado sijanyamaza.

Basi nisikilize, mwanangu. Kabla hujanunua kiwanja, itembee njia yake mpaka mwisho. Ikiishia ukutani, kataa, hata kama bei ni tamu. Ukijenga, rudisha ukuta wako ndani, njia yako ikutane na ya mwenzako, na mkubaliane mbele ya watu kwamba hapo hapafungwi. Fanyeni hivyo sasa, kamba zikiwa bado za katani. Zikishageuka mawe, hakuna atakayekubali kubomoa.

Mungu akujalie nyumba, na akujalie majirani wanaoweza kuifikia. Ukiugua, wakuwahi. Ukimwoza binti, waje kwa vigelegele kutoka pande zote nne. Amina.